Sentensi ya Saba

Nilipokuwa nafundisha saikolojia kwenye chuo kimoja cha ualimu Mbinga, nilijiona msomi kweli kweli. Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya pili: je, mwanachuo akifundishwa kuishi na watu wa makabila, dini na jinsia tofauti, ataacha kumlaumu msichana aliyebakwa? Niliandaa dodoso la sentensi kumi na mbili. Kila moja unaandika "nakubali" au "sikubali". Jina huandiki.

Wanachuo walilijaza mara ya kwanza, nikawafundisha somo hilo, likaisha. Wiki ya kulijaza mara ya mwisho nikapangiwa kukagua mazoezi ya kufundisha huko Chiwanda, ziwani. Karatasi nikamwachia mkufunzi mwenzangu, mzee wa kanisa, mcheshi, ambaye hajawahi kuona karatasi iliyojazwa akaiacha bila kuisahihisha.

Niliporudi na samaki wangu wakavu, alinikabidhi bunda zima likiwa na majina, kalamu nyekundu na alama za kila mmoja kati ya kumi na mbili. Waliofeli alishawaandikisha masahihisho. Na alisahihisha kwa imani yake. Sentensi ya saba ilisema msichana akienda chumbani kwa mvulana, ameshakubali. Aliyeandika "sikubali" alipigwa mkasi, ile alama ya kukosa. Nilimuuliza majibu kayatoa wapi. Akasema kwa upole kwamba anayajua, yeye ana mabinti wanne.

Nilimtukana moyoni kwa Kisambaa, maana mdomo ulishasema shikamoo. Utafiti wangu ulikuwa umekwenda na maji, nami nilikuwa tayari kuwashia moto wa kuchomea samaki kwa zile karatasi.

Nikazipekua kwanza. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa wakulima wa kahawa kule Maguu, alikuwa amegoma kufanya masahihisho. Kando ya mkasi wa sentensi ya saba aliandika: "Mimi nilifuata daftari langu. Sikukubali."

Nilimkuta bombani anafua. Nikamwambia nimesoma, na ninamwamini. Nikaongeza maneno yote mazuri ya somo langu, kwamba kosa si lake, kwamba mlango wangu uko wazi. Alinisikiliza huku anakamua sketi.

"Madam, nilikuja ofisini kwako muhula uliopita," akasema. "Ulikuwa unaandaa dodoso. Ukaniambia nije siku nyingine."

Sikukumbuka hata kidogo. Niliona aibu. Nikageuza ndoo tupu, nikaketi, nikangoja amalize kufua.