Polisi Aliyekataa Mukeke

Miye nauza samaki. Nanunua ziwani Kabonga asubuhi mitumbwi ikirudi, napanda kamionete na beseni langu, nauza Rumonge sokoni kabla jua halijawa kali. Njiani kuna bariyeri ya polisi. Sitasema iko wapi hasa. Wanaoipita wanaijua, na wasioipita waendelee kumshukuru Mungu.

Bariyeri yenyewe ni kamba tu. Upande mmoja imefungwa kwenye mti, upande wa pili inashikwa na polisi, naye anaishusha akiridhika. Dereva anakunja noti ndani ya permi yake, ile leseni ya kuendesha, permi inarudi bila noti. Sisi akina mama wa samaki tunatoa mukeke, samaki mtamu wa ziwa letu, kila mmoja wake. Tunaita mboga. Hakuna anayeomba wala anayeuliza. Polisi anaingiza mkono ndani ya beseni anachagua mwenyewe, na mdogo hamchagui. Watoto wangu nimewasomesha kwa samaki waliobaki.

Basi akaja huyu mpya. Kijana mrefu wa kutoka milimani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya kwanza nilimwinulia beseni kama kawaida, akaniangalia tu.

"Mama, miye sikuomba samaki. Funika, nzi wanaingia."

Halafu akamgeukia dereva wetu. Akatoa noti ndani ya permi, akamrudishia mbele ya watu wote, kisha akamwandikia amandi kwa sababu matairi yalikuwa yamekwisha. Amandi ya kweli, ya karatasi, ya kwenda kulipa benki. Dereva alitukana mpaka tukafika Rumonge. Miye nilifurahi, nasema wazi. Matairi yale nilikuwa nayaogopa siku nyingi, ila nani angenisikiliza?

Lakini madereva walielewa kivyao. Mkono mtupu haulambwi, wakasema, huyu hakatai, huyu anapandisha bei. Wakaongeza noti. Akazirudisha. Wakaongeza tena, akarudisha tena, na wao wakazidi kuamini kwamba tumbo lake ni kubwa kuliko la wenzake. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu anaweza kukataa kwa sababu amekataa. Hapo ndipo tulipofika, jamani.

Siku moja akasimamisha lori la mbao, limejazwa mpaka linapepesuka. Mwenye lori ni mkubwa, kila mtu pwani hii anamjua. Dereva wa lori akapiga simu, akazungumza kwa kunong'ona, kisha akamnyooshea polisi ile simu aongee na bosi. Kijana hakuipokea.

"Simu haina permi," akasema. "Lete yako."

Lori likakaa pale mpaka likaja lingine kupunguza mzigo. Nilicheka siku ile hadi mbavu zikauma. Sikujua kwamba kuna mtu mahali fulani hakucheka.

Mke wa yule polisi mpya alikuwa amejifungua. Huku kwetu mwanamke akizaa, wenzake wanaenda kumhemba, yaani kumtembelea na unga, sukari, sabuni, chochote cha kumrudishia nguvu. Mgeni hana mama wala dada hapa, tukasema twende sisi. Dereva wetu naye akatuma bidoni, dumu zima, la mawese. Mawese kwa mzazi ni kitu cha kawaida kwetu, mmoja wetu akalibeba kichwani na hakuna aliyeuliza neno. Polisi mwenyewe alikuwa kazini. Mke wake alitupokea vizuri, alilia kidogo, akasema alikuwa anadhani hapa hana mtu.

Wiki ileile wakubwa wa mumewe wakaja kupekua nyumba, na kila mtu alijua nani amewapigia simu. Wakalikuta bidoni. Siku hizi esansi, petroli ya magari, imekuwa shida, kila dereva ameandika namba ya gari lake kwa rangi juu ya bidoni lake, lisije likapotea kwenye foleni ya kituo. Hata hili la mawese liliandikwa. Wakasoma namba, wakamwita dereva. Naye, kwa kuogopa kunyang'anywa permi, akasema: "Alinidai."

Neno hilo moja tu, na zawadi ya mzazi ikageuka rushwa. Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Pale bariyerini mmoja tu ndiye aliyekuwa mzima, na huyo ndiye aliyetupwa.

Nilienda kwa shefu wa hao polisi. Niliwaomba wenzangu twende pamoja, kila mmoja akainama kuangalia beseni lake. Nina hasira nao mpaka leo, ingawa najua nao wana watoto. Shefu alinipa kiti, akanisikiliza vizuri kabisa. Nikamweleza mambo ya kuhemba, nikamwambia mtu huyu hata nyumbani hakuwepo, bidoni hakuliomba. Kalamu ilikuwa mezani mbele yake, hakuigusa.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

"Barabara ile unaipita kila siku?"

"Kila siku."

"Basi uendelee kuipita kwa amani."

Kijana akavuliwa nguo za serikali. Akatangulia kwao milimani kutafuta pa kuanzia, mke akabaki kufunga vitu. Asubuhi mke alipoondoka tulikutana ndani ya kamionete: godoro limekunjwa, sufuria mbili, mtoto mgongoni. Dereva alikuwa yuleyule, maana siku hiyo hakuna gari lingine lililokuwa na esansi. Hakumtazama usoni. Miye nilimsalimia yule mama, naye akaitikia kwa heshima.

Tukafika kwenye kamba. Polisi aliyekuwa zamu zamani alikuwa akisimama pale pamoja na mume wa yule mama. Permi ikaenda, permi ikarudi. Kisha akaja nyuma, akamuona.

"Amahoro, mama. Mutoto amekua."

Akaingiza mkono ndani ya beseni langu, akachagua mukeke wawili wakubwa. Mmoja akamtia kwenye ndoo yake. Wa pili akamnyooshea yule mama.

"Chukua, ya safari."

Nilimwangalia. Nilingoja akatae. Mume wake alipoteza kazi, nyumba na jina lake kwa sababu ya kukataa samaki huyohuyo, pale palepale. Lakini kamba ilikuwa bado juu, abiria wameanza kunung'unika, mtoto analia mgongoni. Yule mama akampokea samaki kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema murakoze sana.

Samaki alikuwa wangu.