Fundi Picha na Meno ya Bibi

Simu zenye kamera zilipomfungia studio, Fundi Picha hakukaa kulia. Aliomba kazi makumbusho, akakabidhiwa skana, chombo kinachomulika mfupa na kuuchora kwenye kompyuta, ukatazamika kila upande bila kuguswa tena. Kazi hiyo anaishukuru mpaka leo.

Safari moja yaliletwa mabaki ya bibi mmoja, kaburi lake lilipohamishwa kupisha barabara. Mjukuu wake, mwanamke wa makamo, angeyachukua kesho yake kuyazika upya. Alikuwa na ombi moja tu.

"Bibi yangu mzaa baba sikumkuta, wala mama hakumkuta, wala picha yake hatuna. Nipatieni chochote cha kumjua kabla hajarudi mchangani."

Fundi Picha akajitoa kwa moyo wote. Lakini skana huona kinachoielekea tu. Ili upande wa chini uonekane, sharti fuvu lipinduliwe. Hapo akakwama. Studioni hakumpiga mteja picha bila kumkalisha vizuri na kumnyoosha shingo. Leo ampindue bibi wa watu kama chungu kinachoanikwa? Akaliacha lilivyo.

Asubuhi Daktari wa mifupa wa pale makumbusho akafungua picha. Mahali pa meno ya juu palikuwa na shimo jeusi.

"Baba wee! Bibi umemnyang'anya mdomo!"

"Nimemstahi, Daktari. Kumpindua si adabu."

"Na kumziba kinywa ndiyo adabu? Gari la mazishi hilo nje!"

Neno likamwingia. Akamwendea mjukuu, mikono nyuma. "Mwanangu, niruhusu nimpindue bibi yako."

Mjukuu akacheka. "Aliyezaa watoto tisa ataogopa kupinduliwa? Mpindue, baba."

Akaviringisha kitambaa laini kama ngata, akalilaza fuvu juu yake kichwa chini. "Samahani, bibi," akanong'ona, akawasha skana.

Meno yakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Yale ya mbele yalikuwa na vifereji vyembamba.

"Huu si uzee," Daktari akasema. "Ni uzi. Aliupitisha menoni miaka nenda miaka rudi."

Mjukuu akajishika mdomo. "Mimi ni mshonaji. Mama alikuwa akinigombeza, 'Acha kukata uzi kwa meno, tabia hiyo umeitoa wapi?'" Akacheka, machozi yakimtoka. "Kumbe ina mwenyewe, nimeitoa kwa bibi!"

Akavuta kiti karibu na kompyuta. "Mpindue tena, baba."

Fundi Picha akampindua pale kiooni, taratibu, akishukuru kimoyomoyo kwamba alikemewa mapema.