Awut Akataa Kupanda Gari

Awut Deng husambaza mikate kwa baiskeli katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tangu Desemba, yeye na jirani yake Pascaline, Mkongo, walikuwa wakitoka alfajiri kujiandaa kwa safari ya pamoja ya baiskeli hadi Lodwar, ya kwanza mwaka huu. Miiba ilitoboa matairi yao mara nyingi, wakawa mafundi wa kuziba pancha.

Siku moja kabla ya safari, mratibu wa safari hiyo kutoka Nairobi, Bwana Wafula, alitangaza kwamba wanawake wa kambini watatangulia hadi nje ya mji, wapigwe picha, kisha wapande gari.

"Tupande gari kwa nini?" Awut akauliza.

"Ni mbali, dada. Na jua la huku unalijua."

"Nalijua kuliko wewe. Wewe umefika jana."

"Tunawajali tu."

"Mnajali picha," Pascaline akasema.

Kesho yake, nje ya mji, gari lilisimama mbele yao, mlango ukiwa wazi. Awut akalizunguka bila kugeuza shingo, Pascaline nyuma yake. Wafula aliwafuata akipiga honi hadi akachoka, akatangulia.

Waliingia Lodwar alasiri, midomo imepasuka kwa upepo. Wafula akaja mbio na medali mbili mbele ya umati.

"Kwanza waambie watu tumetoka wapi," Awut akasema.

"Wametoka Kakuma kwa baiskeli," Wafula akanong'ona.

"Toa sauti, wasikie."

Akarudia kwa sauti. Ndipo Awut akainamisha kichwa, akavishwa medali.