Mbao Mbili Alizoacha Mgeni

Kwa miaka mitatu nilifua mashuka ya watu wanaokuja Utende, kisiwani kwetu, kutazama samaki. Ndiyo, kutazama. Wanapanda ndege, wanavaa nguo za mpira zinazowabana kila mahali, wanazama, wanamwona chewa, wanaibuka wakilia kwa furaha, na chewa mwenyewe wamemwacha hukohuko. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko la hoteli, kwenye karo za dobi, nikiwafulia na kuwadharau.

Mmoja tu ndiye niliyemweka moyoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, alikaa mwezi mzima, na alikuja na skeitibodi mbili. Jioni alitoka barabarani, akasimama juu ya ubao wenye magurudumu, akateleza kwenye lami mikono nyuma, kama anakagua shamba. Watu walimcheka. Siku ya kwanza hata mimi nilimcheka. Siku ya pili nikamwomba anifundishe, maana nilikuwa na shida yangu.

Kwetu ni Kiegeani, na kazini tuliripoti saa moja asubuhi. Mama yangu miguu imemkataa. Kabla sijatoka ni lazima nimwogeshe, nimnyweshe uji, nimweke barazani mahali ambapo jua halitamfuata mapema. Hata nikimbie vipi, nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, na kwa miguu mara kwa mara nilichelewa. Baiskeli ya nyumbani alikuwa nayo kaka yangu, aliyeichukua alfajiri kwenda pwani akairudisha jioni ikinuka samaki. Kupanda bodaboda kila siku ni kufanya kazi kwa ajili ya mwenye bodaboda. Msimamizi wetu, mama mmoja kutoka Dar aliyetembea na funguo nyingi utadhani ana majumba, alikuwa ameshanionya: nikichelewa mara tatu nyingine, kazi sina. Na nyumbani kwetu mshahara wenyewe ulikuwa wangu tu. Samaki wa kaka yangu waliishia kwa mke wake na watoto.

Mgeni alitufundisha wawili, kwenye njia ya saruji iliyopita mbele ya vyumba: mimi na mtunza bustani. Huyu alikuwa mwanamume wa bara, mrefu, na alilala chumba cha wafanyakazi hapohapo hotelini, hatua kumi kutoka kwenye mpira wake wa kumwagilia. Mgeni alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na bado tulimwelewa. Ubao mfupi, uliopinda juu ncha zote mbili, wenye magurudumu madogo magumu, ni wa kurukia na kuchezea mahali pa saruji laini. Ubao mrefu, mpana, wenye magurudumu makubwa yanayobonyea ukiyafinya, ni wa safari, na kokoto zikija unapita juu yake bila ugomvi.

"Kimo chako si hoja," alisema. "Unakwenda wapi? Hiyo ndiyo hoja. Halafu tazama mguu wako, uone kama unaenea."

Kwa hiyo ubao mrefu ulikuwa wangu. Mfupi ulikuwa wa mtunza bustani, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda kununua vocha, na muda wote mwingine alitaka kuruka ngazi nyuma ya jenereta. Hata kuku angegawa vile.

Mgeni akaondoka. Mbao akamwachia nahodha wa boti ya wapiga mbizi, akamwambia awape wale wawili aliowafundisha. Hakusema upi wa nani. Alidhani tuna akili.

Nahodha alikuwa mtu wa kisiwani, mvuvi wa zamani, na hakuna kitu duniani alichojua kukigawa isipokuwa samaki. Akatuita ufukweni mbele ya watu wote. "Tutagawa kwa haki," akasema. Haki! Akazilaza mbao mbili mchangani, akazitazama, akaona moja kubwa na nyingine ndogo. Moyo wake wa haki ukamsumbua. Akaenda kuchukua vitu vingine alivyoacha mgeni, tochi, kandambili na nusu chupa ya sabuni ya nywele, akavipanga juu ya ubao mfupi ili mafungu yalingane. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilisimama pale nikiona watu wazima wanasawazisha skeitibodi kwa sabuni ya nywele.

"Nahodha," nikasema, "mimi nahitaji huu mrefu, wa kuendea kazini."

"Kila mtu anahitaji, binti yangu. Ndiyo maana tunapiga kura."

"Na wewe mfupi," akaongeza mpishi mmoja, akinipima kwa macho kama fundi cherehani. "Ubao mfupi ndio saizi yako."

Basi tukafanya kama wanavyofanya kwenye samaki. Kila mmoja akatoa alama yake, mimi kibanio cha nguo, mtunza bustani jani. Akaitwa dada wa jikoni ambaye hakuona alama ni za nani, akaweka moja hapa na moja pale. Kibanio changu kikaangukia kwenye sabuni ya nywele.

"Fungu ni fungu," akatangaza nahodha. "Mtu asinung'unike."

Mtunza bustani akauinua ubao mrefu, akaukumbatia, akanitazama. Mimi nikaona uchoyo mtupu. Nikajisemea, tazama mtu wa bara anavyofurahia kikubwa asichojua kukitumia. Nikageuka, nikaenda zangu.

Kesho yake nikaanza kwenda kazini na ubao mfupi. Buibui nimelikunja, viatu nimefunga, na wanaume waliokaa bure kando ya barabara wakinipa ushauri. Ubao ule ulinitetemesha mpaka meno. Kila punje ya mchanga iliyopeperushwa juu ya lami ilikuwa ni mgogoro, na kokoto moja tu ya saizi ya harage ilisimamisha gurudumu nami nikaendelea mbele peke yangu. Nilifika mapema kidogo kuliko kwa miguu, lakini si kila siku ilitosha. Wiki ya kwanza nilichelewa mara moja. Wiki ya tatu, mara ya pili.

Yeye kule nyuma ya jenereta alikuwa akijaribu kuruka ngazi na kile kitu kirefu kama mlango. Akapasua vyungu viwili vya maua na ugoko wake mwenyewe. Nilikuwa nikianika mashuka na kumtazama, na nakiri nilifurahi. Akiniamkia, "Habari za asubuhi, dada," nilijibu "Nzuri" nikiwa nimeshampa mgongo. Mara mbili au tatu alisogea hadi kwenye kamba za nguo akasimama tu, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Nilimwacha asimame.

Mara ya tatu nilianguka karibu kabisa na Utende. Goti lilichanika, gurudumu likatoka, na nilifika nikichechemea, saa mbili kasoro dakika ishirini. Msimamizi hakupandisha hata sauti. Aliniambia nikabidhi aproni na ufunguo wa stoo.

Mtunza bustani alinikuta langoni. Alikuwa na ubao mrefu mikononi.

"Dada, chukua huu."

"Hilo ni fungu lako, kaka."

"Nilitaka kukupa tangu siku ileile. Nikamuuliza nahodha, akasema kwenu fungu likishagawiwa limegawiwa, kulirudisha ni kuwatukana waliogawa. Mimi ni mgeni hapa. Nikasema wewe mwenyeji, ukiona inafaa utaniambia tu, tubadilishane. Nilikuja pale kwenye kamba. Ukawa huniangalii."

Nahodha alimwambia uongo, au alimwambia ujinga, kwake ni kitu kimoja. Kwetu watu hubadilishana mafungu kabla samaki hawajakauka maji: nipe tasi, chukua pono, na hakuna anayetukanwa. Nilikuwa nikiliona hilo tangu nikiwa mtoto. Ilihitaji sentensi moja, na mimi ndiye pekee pale hotelini niliyeweza kuisema. Sikuisema kwa sababu sikumwona kuwa mtu wa kusema naye.

Nikaupokea. Nikampa ule mfupi na gurudumu lake mkononi.

Nikaupanda kurudi nyumbani. Barabara ilikuwa ileile, mchanga uleule. Ubao ulipita juu ya kila kitu, na wale wanaume wa kando ya barabara sikupata hata muda wa kusikia wanasema nini. Nilipoingia uani, jua lilikuwa bado halijafika miguuni kwa mama.

"Mbona leo umewahi hivi?" akaniuliza.

"Nimepata ubao mzuri," nikamwambia.