Holda za CAT kwa mashine ya BT? Si mimi!

Leo nimekataa kuwasha mashine, na kesho nikiambiwa nitakataa tena.

Mnajua workshop yetu ya chuma hapa nyuma ya Adams Arcade. Mashine yetu ya kukata chuma inatumia holda za aina ya BT. Holda ndiyo inashika kisu kikizunguka.

Asubuhi bosi ameingia na za CAT, aina nyingine, amepewa na rafiki yake.

Akaniita, "Mwende, ona, inaingia! Zinafanana kabisa."

Inaingia, ndiyo. Koni inayoingia ndani ni sawa. Lakini shingo ni tofauti, na ule mkia wa nyuma ambao mashine huvuta si saizi yetu. Hiyo kitu ikichomoka kwa spidi, haichagui wa kugonga.

Nikamwambia hivyo.

"Nyinyi wanawake mnaogopa sana. Washa!"

"Sawa bosi. Wewe simama hapa mbele ya mlango wa mashine, mimi niwashe."

Jamani!

Akaangalia mlango. Akaangalia holda. Akarudi nyuma pole pole mpaka nje kwa geti, halafu akiwa huko ndio akapiga kelele, "Haya, washa sasa!"

Nimezitoa zote nikazirudisha kwa buti ya gari lake.

Haya semeni, mwoga ni nani?