Ukingo wa Kitambaa cha Mama Mkwe

Picha ya Krismasi ndiyo iliyoniaibisha. Mke wangu aliichapisha kubwa, akaitia fremu, tukaipeleka kwa mama yake, kijijini Wamagana, na pale ukutani kila mgeni akaona nilichokataa kukiona mimi. Kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kilitoka safi, kila uzi wake unahesabika. Uso chini yake ulikuwa ukungu mtupu.

"Mwalimu mzima," mke wangu alisema tukirudi Nyeri mjini. "Ati umepiga picha ya kitambaa."

Nililaumu lenzi, nikalaumu mwanga. Ukweli sikuusema.

Kamera yangu ni ya watu wabishi. Unachungulia kwenye kidirisha kidogo, unaona kitu kimoja kimekuwa viwili, kisha unazungusha lenzi kwa mkono mpaka viwili virudi kuwa kimoja. Kwa hiyo unatafuta mstari ulionyooka wa kushikilia: fremu ya mlango, ukosi wa shati, ukingo wa kitambaa. Nyuma ya kamera kuna skrini inayoonyesha kile hasa ambacho lenzi inakiona, na kitufe cha kukikuza mara kumi. Mimi skrini hiyo niliidharau. Niliiita mkongojo wa wavivu.

Sasa ukweli wenyewe. Mimi natoka magharibi, na kwetu mwanamume hamkodolei macho mama mkwe. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Nilipooa huku niliambiwa mambo ni mepesi, lakini mtu hulivua koti, havui malezi yake. Miaka kumi na minne nilizungumza na yule mama nikitazama viatu vyake. Husemwa macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo. Hata kwenye kamera nilishikilia ukingo wa kitambaa kwa sababu ulinipa pa kutazama pasipokuwa macho yake.

Julai tulirudi kurekebisha aibu ile. Baridi ilikuwa ya kung'ata na ukungu umelala juu ya majani chai. Mke wangu alinipa sharti moja: nitumie skrini, la sivyo atampiga mama yake picha kwa simu. Kwa simu! Nikakubali, nimevimba.

Mama mkwe aliketi kando ya mlango, mwanga ukimwangukia usoni. Mke wangu alimvua miwani myeusi akiwa nyuma yake, ile ambayo kwa miaka miwili mama alisema inamkinga na moshi wa jikoni, kisha akaenda kugeuza chapati. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikabonyeza kitufe cha kukuza.

Jicho lake likajaa skrini nzima.

Nilitamani kukimbia. Sijawahi kuona haya namna ile, kama niliyemfungulia mtu mlango wa bafu. Lakini mkono ulishazoea kazi yake, ukazungusha lenzi. Kope zikatoka safi, moja moja. Kisha mboni. Mboni haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Nikahamia jicho la pili: hivyo hivyo, afadhali kidogo tu. Nikajiambia ni skrini, hizi skrini hudanganya. Basi nikaiacha stendi, nikanyata hatua tatu kushoto bila kusema neno, nikasimama.

"Umemariza, Mwalimu?" mama mkwe aliiuliza stendi.



"Mama," nilisema, "huoni?"

Akageukia sauti yangu.

"Mwangaza naona. Hii ya kulia inaona kitu ikiwa karibu, karibu sana. Na usiambie huyu msichana. Atanitoa kwa shamba yangu anipereke town nikae kwa kiti kama gunia."

"Lakini ulikubali picha."

"Nilikubali wewe upige." Akacheka. "Wengine wangejua. Wewe huniangaliangi."

Nimewahi kutukanwa na wazazi, na wakaguzi, na wanafunzi wenyewe. Hakuna kilichonichoma kama hicho, na hakikuwa hata tusi. Heshima yangu yote ya miaka kumi na minne ilikuwa imempa huyu mama mahali pa kuwa kipofu bila mtu kujua.

Nikamwambia huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, kwamba mwalimu mwenzangu alitolewa wake na sasa anasahihisha vitabu bila miwani. Nikamwambia akichelewa, shamba atalipoteza kweli. Maneno yalinitoka ovyo, kwa hofu.

"Kuja hapa," alisema. "Wakati macho yangu ilikuwa mazuri, wewe ulikuwa unaangaria chini. Mimi sijui unakaaje."

Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, jambo ambalo kwetu ningelitozwa mbuzi. Nikainua uso. Akausogeza wake mpaka ikabaki shibiri moja, akanipitia polepole na lile jicho la kulia: paji, pua, kidevu. Nilimtazama. Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuyafuta.

"Kumbe uko na mvi," alisema.

Kisha akashika ukingo wa kitambaa chake, akakivuta nyuma kidogo.

"Haya, ita bibi yako. Ita haraka, kabra niogope."