Pembe Iliyogoma Kuvuka Malagarasi

Uwesu ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale Kanyenye, na kwa miaka tisa alikuwa akiandika riwaya yake juu ya Saguti, yule mpagazi wa hadithi za zamani aliyebeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo bila kuitua hata mara moja. Aliiandika kwa heshima zote. Kila aliyeiazima aliirudisha mapema mno, akisema ni nzuri.

Sasa ni nani aliyemletea mswada achape? Kulwa, muuza asali wa Chemchem. Kulwa ni Mnyamwezi, mababu wa Uwesu walikuja na misafara kutoka Uzaramo, kwa hiyo hao ni watani. Naye kaandika hadithi ileile, ila Saguti wake anaogopa viwavi, na pembe yenyewe inasema. Inalalamikia jua, inachagua njia, na mto Malagarasi inagoma kuuvuka mpaka iimbiwe kama bibi harusi.

Shamila, mke wa Uwesu, aliisoma sura hiyo ya mto akacheka mpaka akakaa chini. Riwaya ya mumewe hakuwahi kuifikisha ukurasa wa kumi. Wivu ukamkaba Uwesu, wivu hasa. Akachapa kitabu chote, sura ya mto akaifungia kabatini.

Kulwa alikuja kuchukua kazi yake duka limejaa watu. Akapekua karatasi, akapekua tena. Uwesu alishaandaa uongo wake, lakini hakuuhitaji.

"Mtani kaniibia," Kulwa akawatangazia, akicheka.

Duka zima likacheka. Mtani akikuchukulia kitu huwezi kukidai, unacheka naye. Ndivyo ilivyo tangu enzi za misafara. Mzee mmoja akampa Uwesu mkono, akasema utani wa namna hii siku hizi umeadimika. Uwesu aliupokea mkono ule uso ukimwaka, maana yeye peke yake alijua kwamba hakuwa akitania.

"Sura hiyo ni yako sasa," Kulwa akamwambia. "Itie kwenye kitabu chako, nacho kisomwe."

Uwesu akaitia kweli, ukurasa wa kumi, akampa mkewe. Kwa mara ya kwanza Shamila akafika hapo. Akaisoma sura ile mara mbili, akicheka, kisha akafunga kitabu na kuuliza kama Kulwa ameandika kingine.